Fimbo, dini au mazoea: nini hushikilia jamii isisambaratike?

SWALI: Mimi na kaka yangu tumebishana kwa muda mrefu. Yeye anasema binadamu bila fimbo hatawaliki. Ondoa polisi na jela, kila mtu atamrukia mwenzake. Mimi nasema kinachotushikilia ni dini na malezi, maana hata pale ambapo hakuna anayewaona, watu wengi hawaibi. Tunaomba mtaalamu atusaidie: ustaarabu hukuaje, utaratibu wa jamii unasimama juu ya nini hasa, na jamii ikishalegea, inaweza kurudi kwenye mstari?

JIBU: Ndugu yangu, kila mmoja wenu ana sehemu ya ukweli, ila mmeruka swali linalotangulia hayo yote. Mtu anajuaje kwamba mwenzake asiyemfahamu atatimiza wajibu wake? Katika kundi la watu hamsini hilo si tatizo. Mvivu anajulikana, mwongo anajulikana, na aibu peke yake inatosha kuwanyoosha. Shida huanza watu wanapofika elfu tano, elfu arobaini, milioni. Hapo unakula nafaka iliyolimwa na mtu usiyemjua, unamkopesha mtu ambaye hujui anakolala, na unapeleka kesi yako kwa hakimu ambaye si ndugu yako. Nionavyo mimi, ustaarabu umekua kila mahali kwa kadiri watu walivyopata njia za kumtegemea wasiyemjua, na jamii nyingi zimevunjika pale njia hizo zilipogeuzwa mali ya wachache.

Tuanze na mwanzo wake. Wengi tulifundishwa kwamba watu waliwinda, wakagundua kilimo, wakapata ziada ya chakula, ziada ikazaa miji na miji ikazaa wafalme. Ni mtiririko mwepesi kukariri, lakini yaliyofukuliwa ardhini yameuvuruga. Huko Göbekli Tepe, kusini-mashariki mwa Uturuki, zimepatikana nguzo za mawe zenye umbo la T, baadhi zikizidi mita 5 kwa urefu, zimechongwa mbweha, nyoka na ndege. Za kale zaidi zilisimamishwa karibu mwaka 9500 KK, na walioziinua walikuwa bado wanaishi kwa kuwinda na kukusanya mimea ya porini. Watu hao walikutana kwa wingi, wakagawana kazi, wakalishana, wakamaliza jambo kubwa, na hapakuwa na shamba wala mfalme.

Huko huko Uturuki kuna Çatalhöyük, ambako kwa zaidi ya miaka elfu moja, kuanzia karibu 7100 KK, waliishi maelfu ya watu katika nyumba zilizobanana ukuta kwa ukuta. Vichochoro karibu havikuwepo. Walipita juu ya mapaa na kushuka ndani kwa ngazi, na wafu wao waliwazika chini ya sakafu walizolalia. Mpaka leo hakuna ikulu iliyopatikana pale. Kwa hiyo watu wengi wanaweza kukaa pamoja kwa karne nyingi bila mtawala anayeonekana. Na baada ya ngano na shayiri kuanza kulimwa katika eneo hilo la dunia, ilipita zaidi ya miaka 4,000 kabla dola ya kwanza haijatokea. Kama kilimo chenyewe kingetosha kuzaa dola, tusingekuwa na pengo refu namna hiyo.

Kilichobadilisha mambo, kwa ushahidi tulio nao, ni hesabu. Uruk, kusini mwa Iraq ya leo, ulikuwa mji wa makumi ya maelfu ya watu ilipokaribia mwaka 3100 KK. Humo wanaakiolojia wameokota kwa wingi wa ajabu mabakuli duni ya udongo, yaliyofinyangwa harakaharaka kwa kalibu, karibu yote ya umbo moja. Wataalamu wengi wanaamini yalikuwa vyombo vya kugawia posho ya nafaka kwa vibarua wa hekalu. Katika vibao vya udongo vya mji huo, ambavyo ni miongoni mwa maandishi ya kale kuliko yote duniani, kuna alama ya kichwa cha mtu kilicho na bakuli mdomoni, na maana yake ni kula au posho. Sehemu kubwa ya vibao hivyo haina mashairi wala sala. Ni shayiri kiasi gani imeingia ghalani, kondoo wangapi, pombe kiasi gani imetolewa, na nani amepokea. Fikiria uzito wa jambo hilo: mtunza ghala akifa usiku, asubuhi mwingine anachukua kibao na kazi inaendelea. Kwa mara ya kwanza ahadi iliweza kuishi kuliko kumbukumbu ya aliyeitoa.

Nafaka ilisaidia kwa tabia yake. Hukomaa kwa pamoja, juu ya ardhi, machoni pa kila mtu. Hukauka, hupimika, huhifadhika kwa miaka. Mtoza kodi anajua siku ya kuja na anajua kiasi cha kudai. Viazi na mizizi mingine hukaa ardhini mpaka mwenyewe atakapotaka kuichimba, na ndiyo sababu mojawapo kwa nini dola nyingi za kale zilijengwa juu ya ngano, shayiri, mpunga na mahindi. Wala nisikuchoree picha ya kupendeza kupita kiasi. Vibao vile vile vya Uruk vina orodha za watumwa. Maandishi yaliyomwezesha mtu kumtegemea asiyemjua yalimwezesha pia kumfunga. Kaka yako hakosei anapoiona fimbo tangu siku za mwanzo kabisa.

Ila Mohenjo-daro na Harappa, miji ya bonde la mto Indus iliyostawi kati ya 2600 na 1900 KK katika Pakistan ya leo, inampa kazi ya kufikiri. Humo zimekutwa nyumba zenye visima na mahali pa kuogea, na mifereji ya majitaka iliyofunikwa ikipita kando ya barabara. Yamekutwa pia mawe madogo ya kupimia uzito yenye umbo la mchemraba, yanayokubaliana kipimo katika miji iliyotengana kwa mamia ya kilomita. Hata matofali ya kuchoma yalifuata uwiano mmoja: unene 1, upana 2, urefu 4. Kaburi la kifalme halijapatikana, wala jumba linaloweza kuitwa ikulu bila ubishi, wala sanamu kubwa ya mshindi akikanyaga mateka. Mnunuzi aliyeshuka mjini na mzigo wake alikuta mizani ile ile aliyoiacha alikotoka. Mizani yenye kuaminika humwondolea mfanyabiashara sababu ya kuja na walinzi.

Sasa nimjibu kaka yako moja kwa moja. Fimbo ina kazi yake. Oktoba 7, 1969, polisi wa Montreal, Kanada, waligoma. Kabla ya siku kwisha benki kadhaa zilikuwa zimeporwa, maduka mengi yamevunjwa vioo na kubebwa bidhaa, watu wawili wamepoteza maisha, na jeshi likaitwa. Mji ulikuwa tajiri na watu wake hawakuwa washenzi. Anayesema polisi hawana faida yoyote lazima atueleze siku hiyo.

Lakini tazama upande wa pili. Mwaka 301 BK, kaisari Diocletian wa Roma alitoa amri ya bei. Orodha yake ilikuwa na bidhaa na huduma zaidi ya 1,000, kuanzia nafaka hadi ujira wa kinyozi, na kila moja ikawekewa bei ya juu kabisa. Atakayezidisha adhabu yake kifo. Diocletian alikuwa na jeshi kubwa kuliko mtawala yeyote katika sehemu ile ya dunia. Amri ilishindwa. Bidhaa zilijificha, na baada ya muda si mrefu agizo likabaki maandishi kwenye mawe. Sababu yake inaeleweka ukitazama sarafu. Zama za Augusto, kaisari wa kwanza, dinari ya Roma ilikuwa karibu fedha tupu. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 260 sarafu iliyokuwa ikitembea mikononi mwa watu ilikuwa na fedha chini ya asilimia 10, iliyobaki ni shaba, na juu yake utando mwembamba wa fedha. Watawala ndio waliokuwa wameiba ndani ya kipimo, na sasa walitaka kumnyonga muuza ngano kwa kukataa kudanganyika. Fimbo hufaulu inapomwangukia mmoja kati ya mia. Inapobidi iwaangukie tisini, hakuna dola yenye mikono ya kutosha.

Kwa nini basi wale tisini na tisa hutii? Watafiti wa tabia za watu wamerudia jaribio moja mara nyingi, katika nchi nyingi. Watu wanne wanapewa pesa, kila mmoja anaamua kwa siri atie kiasi gani katika mfuko wa pamoja. Kinachoingia mfukoni huongezwa, kisha hugawanywa sawa kwa wote, hata kwa yule ambaye hakutoa kitu. Mwanzoni watu huchangia karibu nusu ya walichonacho. Raundi zikiendelea michango hushuka, kwa sababu waliotoa wanaona kuna wanaokula bila kutoa, na hawataki kufanywa wajinga. Ruhusu wachangiaji wamtoze faini mkwepaji, hata kama kumtoza kunawagharimu wenyewe, na michango hupanda tena. Matokeo hayo yanawahusu nyote wawili. Binadamu wengi hawako tayari kurukiana kama kaka yako anavyodhani, wala si wema usiojali mwenzake anafanya nini. Wanasema moyoni: nitatimiza, mradi nawe utimize, na asiyetimiza aonekane. Fimbo ina maana hapo kwa sababu inamhakikishia mwaminifu kwamba hayuko peke yake.

Nchi ambayo naitumia kila mara ninapoeleza jambo hili ni Iceland, kwa sababu tunaweza kuifuata kutoka mwanzo hadi mwisho. Mwaka 930 walowezi wa kisiwa hicho walianzisha baraza la wote, Althing, lililokutana kila kiangazi. Hawakuwa na mfalme, jeshi, polisi wala jela. Walikuwa na mtu mmoja aliyechaguliwa kuwa msema sheria, ambaye alisimama juu ya mwamba mbele ya umati na kuzitamka sheria kwa kichwa, theluthi moja kila mwaka, hata baada ya miaka mitatu watu wawe wamezisikia zote. Kuziandika walianza majira ya baridi ya 1117 na 1118. Kila mkulima alikuwa chini ya kiongozi mmoja kati ya takriban 39, lakini aliruhusiwa kumhama na kwenda kwa mwingine, na kiongozi mwonevu alibaki bila watu. Aliyekataa hukumu ya baraza alitolewa nje ya hifadhi ya sheria: yeyote angeweza kumuua na ndugu zake wasidai fidia.

Usidhani kulikuwa na amani ya peponi. Visasi vilikuwepo, na damu ilimwagika. Lakini mpango huo ulidumu zaidi ya miaka 300, na waliouvunja hawakutoka nje. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 11 zaka ya kanisa iliwekwa kisheria, na kwa kuwa makanisa mengi yalisimama katika mashamba ya viongozi, sehemu nzuri ya zaka iliishia mikononi mwao. Wenye mali wakanunua na kurithi nafasi za uongozi, na katika karne ya 13 familia chache zilikuwa zimeshika karibu nafasi zote. Mkulima hakuwa tena na wa kumkimbilia, kwa maana kiongozi wa jirani alikuwa binamu wa yule aliyemtesa. Vita vya familia hizo vilirarua kisiwa kwa miaka mingi, mpaka 1262 watu walianza kula kiapo cha utii kwa mfalme wa Norway, wakitafuta afadhali mbwa mwitu mmoja kuliko watano. Sheria zilikuwa zile zile. Kilichokufa ni uwezo wa mnyonge kumwacha mwenye nguvu.

Nije upande wako sasa, wa dini na malezi. Nakubali kwamba imani imefanya kazi ambayo hakuna askari angeiweza. Katika mahakama za Babeli, kesi isiyo na shahidi ilipelekwa kwenye kiapo mbele ya mungu, na wengi walioogopa kuapa uongo walikiri au waliacha madai yao. Mikataba ya wafalme ilishuhudiwa na miungu ya pande zote mbili. Wafanyabiashara wa dini moja wameaminiana kuvuka bahari na majangwa kwa sababu kila mmoja alijua mwenzake anaogopa hukumu ile ile. Hata mfalme alijikuta amefungwa na maneno aliyoyatamka madhabahuni.

Lakini imani haijazi tumbo. Misri ya kale iliamini kwamba Farao ndiye mlinzi wa maat, yaani haki na mpangilio wa ulimwengu mzima. Katika kijiji kinachoitwa leo Deir el-Medina waliishi mafundi waliochimba na kuchora makaburi ya Mafarao, watu waliokuwa karibu na utakatifu huo kuliko raia wengi. Mwaka wa 29 wa utawala wa Ramses III, katikati ya karne ya 12 KK, posho yao ya nafaka ilichelewa. Waliweka zana chini, wakapita vituo vya walinzi na kwenda kukaa nyuma ya mahekalu. Karani aliandika maneno yao kwenye mafunjo ambayo yapo mpaka leo Turin, Italia: wamefika hapo kwa njaa na kiu, hawana nguo, hawana mafuta, hawana samaki, hawana mboga, na Farao bwana wao apelekewe habari. Walipewa posho, ikachelewa tena, wakagoma tena. Angalia kwamba hawakumkana Farao. Walidai atimize sehemu yake. Malezi mema huifanya jamii ivumilie mengi, na watawala wengi wamekosea kwa kudhani uvumilivu huo hauna mwisho.

Kuna kitu cha tatu ambacho hamkukitaja hata mmoja wenu, nacho kwangu kina uzito mkubwa: taasisi ndogo zilizo karibu na mtu, zinazomaliza ugomvi mapema. Kila Alhamisi saa sita mchana, nje ya mlango wa Mitume wa kanisa kuu la Valencia, Hispania, hukaa wakulima wanane waliovaa majoho meusi. Kila mmoja amechaguliwa na watumiaji wa mfereji wake unaochota maji ya mto Turia. Anayelalamika kwamba jirani ameiba zamu ya maji anasema hapo hapo, mlalamikiwa anajibu kwa mdomo, wakili hayupo, na hukumu hutoka siku ile ile. Mlalamikiwa akiwa wa mifereji ya ukingo mmoja wa mto, hukumu hupendekezwa na wazee wa ukingo wa pili, ili asihukumiwe na mwenye maslahi. Desturi hiyo ina karne nyingi, imeona falme zikiinuka na kuanguka, na mwaka 2009 UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Mwaka huo huo mtafiti wa Marekani, Elinor Ostrom, alipata tuzo ya Nobel ya uchumi kwa kazi iliyoonyesha, kwa mifano ya misitu, malisho, maji na uvuvi, kwamba watu wa kawaida wanaweza kutunza mali ya pamoja bila kungoja serikali wala kuiuza kwa mtu binafsi, mradi wanaitunga kanuni wenyewe, wanalindana kwa macho, na adhabu inaanza ndogo na kupanda taratibu.

Bila shaka kaka yako atauliza: hayo yanafaa kwa mifereji, je, juu kabisa ni nani atamhukumu mkubwa? Mwanahistoria Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis, aliyekuwa ametumikia masultani kadhaa kabla ya kukaa na kuandika mwaka 1377, alisema nasaba hushika madaraka kwa mshikamano wa watu waliopitia taabu pamoja, kisha anasa huula mshikamano huo, na kwa kawaida vizazi vitatu vikipita kazi imekwisha. Ninamheshimu kuliko waandishi wengi waliomfuata, na kuhusu mshikamano nadhani alikuwa sahihi kabisa. Kuhusu vizazi vitatu, mfano wa Venice, mji wa Italia, unampinga. Jamhuri hiyo iliishi karibu miaka elfu moja, mpaka Napoleon alipoimaliza 1797. Tangu 1268 mkuu wake, doji, alichaguliwa kwa mzunguko mrefu wa kura na bahati nasibu, ili familia moja isipange matokeo. Alikula kiapo kilichoorodhesha asiyoruhusiwa kufanya. Na kuanzia 1501, doji akishafariki, tume ilikaa kuchunguza mwenendo wake, na warithi wake waliweza kutozwa faini kwa aliyoyafanya akiwa madarakani. Venice ilikuwa na makosa yake makubwa, likiwamo la kufunga milango ya Baraza Kuu kuanzia 1297 ili familia mpya zisiingie kwa urahisi. Hata hivyo mtawala wake aliingia ofisini akijua vitabu vyake vitafunguliwa.

Hata Hammurabi, mfalme wa Babeli, ambaye anakumbukwa kwa jicho kwa jicho, karibu kabisa na mwanzo wa sheria zake za karne ya 18 KK aliweka kwamba hakimu atakayebadilisha hukumu aliyokwisha kuipiga muhuri atalipa mara 12 ya dai la kesi ile, ataondolewa kitini, na hataketi tena na mahakimu. Hapo fimbo imemgeukia anayeishika.

Umeuliza kama jamii iliyolegea inaweza kurudi. Inaweza, ingawa mara nyingi kwa gharama. Athens ya mwanzoni mwa karne ya 6 KK ilikuwa ukingoni mwa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Wakulima maskini walikopa kwa dhamana ya miili yao, na waliposhindwa kulipa walifanywa watumwa, wengine wakauzwa ng'ambo. Pande mbili zilikubaliana kumpa raia mwenzao, Solon, madaraka ya kutunga sheria mwaka 594. Alifuta madeni yale, akakataza mtu kuwekwa rehani kwa deni, akatafuta njia ya kuwarudisha waliouzwa nje, na akafungua mlango kwa raia yeyote, hata asiyehusika, kumshitaki aliyemdhulumu mwingine. Maskini walitaka ardhi igawanywe upya, akakataa. Matajiri walitaka pesa zao, wakazikosa. Kisha aliondoka mjini kwa miaka kumi, ili asibembelezwe kuzibadilisha sheria. Ugomvi haukwisha, na katika karne hiyo hiyo Peisistratos alijitwalia utawala kwa nguvu. Lakini hakuzifuta sheria za Solon, na katazo la kumfanya raia mtumwa kwa sababu ya deni lilibaki mpaka Athens ilipofika kwenye demokrasia yake.